Kamba Moja, Seva Mbili

Mwenye nyumba wangu alikuwa na ulimi wa upupu, na mimi sikuwa mnyonge. Nalisema hilo mapema ili usije ukanionea huruma bure, wala usimwonee yeye. Tuligombana tangu wiki niliyohamia, na ugomvi wetu ulianzia kwenye kamba ya kuanikia nguo.

Kamba ilikuwa moja, imefungwa kwenye mnazi upande huu na kwenye boriti ya jiko upande ule. Mimi nilikuwa mtu wa ofisini, na bosi wangu alitaka blauzi nyeupe. Yeye alikuwa mvuvi wa pweza. Hakuwa na chombo. Alivua kwa miguu, kama wanawake wengi wa kijiji kile. Bamvua likiingia, yaani zile siku za mwezi ambapo maji hupwa mpaka mwamba unabaki mtupu, walijifunga kanga viunoni, wakachukua vyuma vyao vyembamba, wakaenda kuwachokoa pweza mashimoni. Wakirudi, kila mmoja anawapiga wake juu ya jiwe mpaka walainike, kisha anawaanika. Wa kwake aliwapigia chini ya dirisha langu, alasiri, saa ileile ninayorudi kazini kichwa kinaniuma. Pa! Pa! Pa! Halafu anawaanika kwenye kamba, katikati ya blauzi zangu.

Kama hujawahi kuvaa blauzi iliyolala na pweza huwezi kunielewa. Harufu ile haitoki kwa sabuni, haitoki kwa ndimu, na ukipiga pasi ndiyo kwanza unaiamsha.

Nilianza kwa adabu, sitaki kusingiziwa. Nilimwamkia, nikamwomba pweza wakae upande wa jikoni na nguo zangu zikae upande wa mnazi.

“Kamba ya nani?” akaniuliza.

“Ya kwako, mama.”

“Haya basi.”

Akaingia ndani. Ndiyo ikawa imekwisha hiyo. Siku nyingine nilirudi nikakuta pweza amelazwa juu ya kola ya blauzi yangu mpya kabisa, mikono yake imeikumbatia. Nikamng'oa nikamtupa mchangani, kuku wakamvamia. Kumbe mwenyewe alikuwa mlangoni ananitazama. Kesho yake blauzi ile niliikuta ndani ya ndoo ya kuoshea masufuria, na kuanzia hapo hatukusemeshana tena.

Nakosea. Tulisemeshana sana, ila kwa kupitia kuku. “Kuku wangu nyie,” atasema kwa sauti ya kufika kwa jirani, “mkiona mtu hajui thamani ya kitoweo cha mwenzake mkimbieni, kwao hakuna bahari.” Na mimi nikiwa nafua naiambia ndoo yangu kwamba kuna watu wamezeeka na nyumba zao na bado hawajui maana ya mpangaji. Watu wa pwani wana mafumbo, wanakusema hujui umesemwa wapi. Mimi natoka bara, kwenye baridi na viazi, nilikuwa najifunza. Nilijifunza haraka.

Hiyo ilikuwa Mafia, miaka ile hifadhi ya bahari ilipokuwa imeshazoeleka, watu wanajua mipaka yake kama wanavyojua mipaka ya viwanja vyao. Mimi sikuwa mtu wa hifadhi wala wa serikali. Niliajiriwa na mradi mmoja mdogo wa wafadhili, uliokuwa unakusanya takwimu za samaki. Ofisi yetu ilikuwa chumba na feni kwenye barabara ya Utende, na watu wake tulikuwa mimi na bosi wangu, aliyetoka Dar es Salaam akiwa na viatu vya ngozi na akakataa kuvaa kandambili mpaka mwisho. Kazi yangu ilikuwa dashibodi, yaani kurasa za kompyuta zenye grafu: pweza wangapi, changu wangapi, wamevuliwa wapi na kwa njia gani. Mabosi hupenda sana grafu kwa sababu hazinuki.

Sasa, mbele ya kijiji changu palikuwa na mwamba, ule wa akina mama. Hoteli zilikuwa zinautaka, wageni wakaogelee na miwani yao watazame samaki pasipo na mtu anayechokoachokoa. Mradi wetu na kamati ya kijiji walikuwa wamekubaliana kanuni moja, na kwa haki ya Mungu ilikuwa kanuni nzuri: kama watu wanaoutegemea mwamba kwa miguu ni wengi, haufungwi. Kama ni wachache, unafungwa, maana wenye vyombo wanaweza kwenda kuvua kwingine. Na wengi au wachache ingesemwa na dashibodi yangu, mbele ya kikao cha kijiji.

Kwa hiyo unaona. Mwanamke aliyenichafulia blauzi alikuwa na kitu kimoja tu cha kuishi nacho duniani, mwamba ule, na mwamba ule ulikuwa kwenye kompyuta yangu.

Seva yetu ilikuwa imezeeka. Seva ndiyo kompyuta mama inayobeba data zote na kuchora zile grafu. Wafadhili wakaleta toleo jipya, na bosi akaapa kwamba kikao cha kijiji kitaonyeshwa dashibodi mpya, yenye rangi, siyo ile ya kizee. Kuhamia si kazi ya kuzima hiki na kuwasha kile. Unaziacha seva zote mbili zinakimbia bega kwa bega, unafungua kila grafu huku na kule, unatazama kama zinasema neno moja, na unakagua kila muunganiko: data ya ufukweni inafika? Orodha ya vyombo inasomeka? Huo ndio mtihani: ukiridhika unaandika imefaulu, unatia sahihi. Usiporidhika unaandika imefeli, na hakuna kuhama. Sahihi ilikuwa yangu.

Nilikuwa kwenye kazi hiyo siku moja ya bamvua. Feni inazunguka, bosi kakaa upande wake, mara namwona anakunja pua.

“Dada, hiyo harufu ni ya nini?”

“Pweza wa mwenye nyumba wangu. Samahani, bosi.”

“Hebu kaa kule dirishani.”

Nikahamia dirishani na hasira zangu. Nikafungua grafu ya pweza kwenye seva mpya, wiki ile ile. Kijiji changu: sifuri. Mstari umelala chali. Nikanusa bega langu. Nikatazama tena mstari. Hapana bwana, haiwezekani! Jana tu nimepigiwa pweza chini ya dirisha mpaka meno yakacheza, na asubuhi ile nimewaacha kwenye kamba wananing'inia kama soksi. Nikafungua seva ya zamani: pweza tele.

“Bosi, seva mpya inasema kijijini kwangu hakuna pweza hata mmoja.”

“Labda hakuna.”

“Ninanuka, bosi. Umenihamisha kiti.”

“Pua si kipimo cha kitaalamu, dada.”

Nilimtazama yule mtu nikameza maneno mengi sana. Kisha nikaanza kutafuta.

Haikuchukua muda. Takwimu za ufukweni ziliandikwa na karani wa diko, pale vyombo vinaposhusha samaki, mtu mzima mwenye wake wawili na pikipiki. Alikuwa na simu ya mradi. Kila mzigo wa samaki ukija, simu inamuuliza: chombo gani? Kwa wanaume anaandika namba ya chombo. Kwa wanawake, ambao chombo hawana, alikuwa anaandika tu “miguu”. Seva ya zamani ilikuwa na ustahimilivu wa bibi kizee, ikipokea kila kitu, ikawawekea miguu nguzo yao kwenye grafu, pembeni ya nguzo ya vyombo. Seva mpya ilikuwa na masharti. Kila pweza lazima afuatane na chombo kilichosajiliwa. Ikitafuta chombo kinachoitwa miguu isikione, inamtupa pweza. Haipigi hata kelele. Wanawake wote wa kijiji walikuwa wametupwa namna hiyo, kimyakimya.

Nikaandika imefeli, kwa wino mwekundu, nikampelekea bosi.

“Unanifanyia makusudi,” akasema.

“Seva ndiyo imefanya. Nipe nafasi niurekebishe huo muunganiko, kikao kisogezwe mbele.”

“Wafadhili wameshakata tiketi za ndege. Tutarekebisha baada ya kikao.”

“Baada ya kikao mwamba utakuwa umeshakwenda!”

“Dada, punguza sauti. Hii ni ofisi.”

Ofisi! Chumba na feni. Akatoka na viatu vyake akapanda pikipiki ya karani, wakaenda zao diko. Nikajua anakwenda kutafuta njia ya mkato, ila sikujua ni ipi, na hata ningekesha nikiwaza nisingeibuni.

Njia aliitoa karani, na aliitoa kwa roho safi, sikatai. Bosi alimwambia kila mwanamke apatiwe chombo, basi. Na kwenye pwani ile mwanamke hukosi kumjua ni wa nani: huyu mke wa fulani, huyu binti wa fulani, yule dada yake nahodha fulani. Karani akakaa na simu yake akawagawa wote, mmoja mmoja, kwenye vyombo vya wanaume wanaojulikana nao. Mwenye nyumba wangu akamwandika kwenye chombo cha mumewe.

Mume gani? Waliachana zamani! Yule bwana alioa mwingine, akampa huyu talaka kwa kumtuma mtu. Hata mlangoni hakufika. Akatuma mtu, akasema fulani amenituma nikwambie. Lakini kijiji kizima bado kilimwita kwa jina la bwana yule, kwa mazoea tu, na karani naye ni mtu wa kijiji.

Nikazifungua seva zangu asubuhi yake. Pweza wote wamerudi! Jumla ya zamani na jumla mpya, sawasawa kabisa. Nikafurahi kama mjinga. Kisha nikaziona nguzo. Nguzo ya vyombo imepanda mpaka juu, na nguzo ya miguu haipo, pana jina tu na sifuri juu yake. Chombo cha yule mtalaka kilikuwa cha kwanza kwa pweza kijiji kizima. Yule bwana ambaye, kama kila mtoto wa pale anavyojua, aliwahi kushikwa mkono na pweza akapiga yowe mpaka akatumbukia majini, na tangu hapo hamgusi hata akiwa kwenye sahani!

“Andika imefaulu,” akasema bosi.

“Siandiki.”

“Jumla si ile ile?”

“Jumla ya nini? Wanawake wako wapi?”

“Mtihani unauliza jumla. Jumla imetimia.”

“Kikao hakiulizi jumla, kinauliza miguu!”

Akanyoosha mkono akaichukua ile karatasi mezani kwangu, akatia sahihi yake mwenyewe juu ya jina langu. Halafu akaniambia, kwa upole ule wa watu wabaya, kwamba boti ya Nyamisati, ya kurudi bara, inaondoka Kilindoni kila siku, na mtu asiyependa kazi yake hafungwi kamba. Mkavu wa macho yule. Mpaka leo nikimwona mtu na viatu vya ngozi kwenye mchanga roho yangu inasogea kando.

Nilirudi nyumbani. Njia nzima nilikuwa najiambia: mwambie. Mwambie awakusanye wenzake, waje kikaoni, waseme sisi tupo. Mimi na yule mama hatukuwa tumesemeshana uso kwa uso tangu kisa cha kuku. Nikamkuta amekaa kwenye kinu kilicholazwa, anasuka ukili wa mkeka.

“Shikamoo, mama.”

Shikamoo haikataliwi. “Marahaba,” akasema, ila macho kwenye ukili.

“Nina neno. Ni habari za pweza wako. Kule ofisini, kwenye kompyuta, wameandikwa kwenye chombo cha, cha yule bwana. Mume wako wa zamani.”

Mikono ikasimama.

“Nani kakutuma?”

“Sijatumwa na mtu. Nimekuja mwenyewe.”

“Nakuuliza nani kakutuma! Yule kakutuma. Yeye kazi yake kutuma watu.”

“Mama, nisikilize. Kuna kikao, wataonyesha kwamba hakuna mwanamke anayevua kwa miguu, na wakishaonyesha hivyo wataufunga mwamba. Waambie wenzako...”

“Pweza wangu niwachokoe mie, mgongo uniume mie, nyayo zitobolewe na miiba ya bahari mie, kisha uje uniambie ni wa yule?” Alikuwa amesimama, ukili umemwagika. “Unakula nyumbani kwangu, unalala nyumbani kwangu, kuku wangu unawalisha haramu ya jasho langu, na leo umekuja kunicheka kwa talaka yangu. Mbara we! Toka mbele yangu.”

Ningemvumilia. Kama ningekuwa mtu mwingine ningemvumilia, ningekaa chini nikamweleza tena polepole. Lakini nilikuwa nimetukanwa na bosi mchana kutwa, na blauzi niliyovaa ilikuwa inanuka pweza wake, na sasa nafukuzwa kwa kumletea mema. Nikamwambia basi shauri yako, ufe na pweza wako. Nikaingia ndani nikabamiza mlango mpaka udongo ukadondoka.

Kikao kilikuwa kwenye darasa la shule. Shuka jeupe limetundikwa ubaoni, jenereta linaguruma nje, bosi ana kijiti cha taa nyekundu anachezea. Wafadhili wamekaa mbele na maji yao ya chupa. Wanaume wamejaa kwenye madawati, na wanawake, kwa vile madawati yalikwisha, wamesimama nje kwenye madirisha. Nikamwona mwenye nyumba wangu dirisha la nyuma kabisa, kanga imefungwa kichwani, uso kama amekuja msibani. Alikuja, basi. Nikashukuru kimoyomoyo, nikadhani ameyatafakari.

Bosi akaonyesha grafu. Rangi zilipendeza, nitasema ukweli. Akaonyesha nguzo ya vyombo, watu wakaguna kwa kuridhika. Akaonyesha nguzo ya miguu. “Na hawa, kama mnavyoona, ni sifuri.” Kisha akawataja wavuvi bora wa pweza, na wa kwanza, chombo chenye pweza wengi kuliko vyote, ni cha bwana yule pale, tumpigie makofi.

Mtu mmoja akacheka, akakohoa. Halafu wafadhili wakaanza kupiga makofi, na wageni wakipiga makofi wenyeji hawawezi kukaa na mikono magotini. Likapigwa lile kofi la heshima. Yule bwana alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye kofia safi. Aligeuka kulia, akageuka kushoto, nadhani alikuwa anatafuta mtu wa kumwambia si mimi jamani. Makofi yakazidi. Nikamwona anainyoosha kofia yake. Akasimama.

“Bwana,” mwenyekiti akamuuliza, “wewe ndiye mwenye pweza. Mwamba huu ukifungwa utaumia?”

“Chombo kina bahari nzima,” akasema. “Tutakwenda kwingine, inshallah.”

Makofi tena. Kule dirishani sauti ya mwanamke ikauliza, “Na sisi je?” Mwenyekiti akajibu bila kugeuka kwamba waume zenu wameshasema.

Hapo nikanyanyuka. Nikasema kwa sauti, wote wasikie, kwamba namba zile si kweli, kwamba miguu wapo na ni wengi, ila wameandikwa kwenye vyombo visivyo vyao. Darasa likageuka kunitazama. Bosi hakukasirika hata kidogo. Alitabasamu.

“Dada yetu amechoka,” akasema. “Dashibodi hii ni kazi ya mikono yake mwenyewe. Ndiye mtaalamu wetu. Mtihani umefaulu, na jina lake liko pale chini.”

Na kweli lilikuwa pale chini ya shuka, jina langu, kwa herufi ndogo.

“Kumbe ni wewe!” Sauti hiyo niliijua hata kabla sijageuka. Yule mama alikuwa ameingiza kichwa na mabega yote dirishani. “Ni wewe uliyeandika! Anakaa kwangu huyu jamani, ana kompyuta yake chumbani, ananihesabia pweza kwenye kamba kisha anawapeleka kwa yule! Kwa ajili ya viblauzi vyake! Wallahi, kwa ajili ya viblauzi!”

“Mimi nakutetea, we mama, hebu nyamaza nikutetee!”

“Unitetee wewe? Uliyenimwagia pweza kwa kuku?”

“Na wewe uliyeniwekea nguo kwenye maji ya masufuria!”

Nilisema hivyo. Mbele ya wafadhili, mbele ya kamati, mwamba uko mezani, nikasema habari za masufuria. Na yeye akanijibu, na mimi nikamjibu, na darasa likaangua kicheko, wanaume wanapiga madawati, hata yule mfadhili asiyejua Kiswahili anacheka kwa kuwaona wenzake wanacheka. Nilipokuja kugeuka, mikono ilikuwa juu. Mwenyekiti alikuwa ameuliza anayekubali nani, na tulikuwa tunapigiana kelele hatukumsikia. Mikono ilikuwa mingi. Ikashuka, na mwamba ukawa umefungwa.

Bosi alitimiza neno lake, unaweza kuamini? Baada ya kikao alinipa ruhusa ya kuurekebisha muunganiko. “Sasa fanya taratibu, hatuna haraka,” akasema. Nikaifundisha seva mpya kwamba miguu nao ni watu, asiye na chombo asitupwe. Nikawatoa pweza wa wanawake kwenye vyombo vya wanaume, mmoja mmoja, nikawarudisha kwa wenyewe. Kazi safi. Nikamwomba bosi aipeleke grafu iliyonyooka kwa kamati. Akasema kamati imeshafunga ajenda hiyo. Nikaipeleka mwenyewe kwa mwenyekiti. Akaitazama sana, akaikunja, akasema hoteli zimeshaweka maboya.

Yule bwana mwenye kofia alituma mtu alete kitoweo, mafungu mawili ya changu wazuri. Yule mama alimrudisha huyo aliyetumwa na samaki wake. Mimi naye hatukuzungumza. Kuku nao hawakuambiwa kitu, na kwa kweli hilo ndilo lililonitisha.

Bamvua likaingia. Nilijua kwa mwezi, kwa kuwa hapakuwa na kingine cha kunijulisha. Alasiri nikarudi kazini, kichwa kinaniuma, nikalala kitandani nasubiri zile pa, pa, pa. Hazikuja. Nikachungulia. Jiwe lilikuwa limekauka, na yeye amekaa pembeni yake anasuka ukili, anasuka na kusuka, na maji yamekupwa kule mbele mwamba wote uko wazi, watu wenye miwani wanatembea juu yake wakiinama kutazama.

Ilibaki kazi moja: kuzima seva ya zamani. Kabla ya kuizima unafanya mtihani wa mwisho. Nikafungua grafu ya pweza, bamvua lile, kijiji changu, nguzo ya miguu. Seva ya zamani ikasema sifuri. Seva mpya ikasema sifuri. Nikanusa bega langu. Blauzi ilinuka sabuni tupu. Kwa hiyo zote mbili zilikuwa zinasema kweli, na sikuwa na sababu yoyote duniani ya kuandika imefeli. Nikaandika imefaulu, nikatia sahihi yangu mwenyewe safari hii, na bosi akanipa mkono.

Nikarudi nyumbani, nikafua. Nilitoka na ndoo uani, nikaikuta kamba iko tupu kutoka kwenye mnazi hadi kwenye boriti ya jiko, imefutwa kwa kitambaa. Yule mama alikuwa pale pale kwenye kinu chake. Safari hii hakuwaambia kuku, aliniambia mimi, tena kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

“Anika, mwanangu,” akasema. “Kamba yote yako sasa.”

Nikasimama na ndoo yangu mpaka maji yakaacha kuchuruzika, kisha nikairudisha ndani.